Kidevu Kifuani

Fundi wa sauti alitafuta pa kubana kipaza sauti. Shati lilikuwa limefichwa na kola ngumu ya shingo ambayo Ngao alivalishwa hospitalini, kwa hiyo akakibana kwenye kola yenyewe.

"Usiguse hapa, kaka."

"Hata nikitaka siwezi," Ngao alisema.

Fundi alicheka. Hakujua kwamba mkono wa kulia uliolala juu ya paja la mwanamieleka yule ulikuwa haujasogea tangu pambano la Jumamosi.

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Ngao. Fundi akaitoa, akamshikia sikioni. Alikuwa mdogo wake wa kike.

"Kaka, wamefika."

"Wangapi?"

"Nitawahesabuje na taa nimezima? Wamevunja dirisha la sebuleni. Wanasema Mvamizi atolewe, naye avunjwe shingo."

"Polisi?"

"Wanasema gari liko njiani. Njia ipi, hawasemi."

"Mumeo yuko wapi?"

"Chini ya meza na watoto. Anauliza kama umekula."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Ulingoni, Ngao aliingia na bendera begani, na Mvamizi aliingia amevaa kinyago, akitukana nchi kwa lafudhi ambayo hakuna aliyejua ni ya wapi. Nje ya ulingo, Mvamizi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mume wa mdogo wake Ngao. Majirani hawakujua. Jumamosi alipanda gari la wagonjwa pamoja na shemeji yake, na mlangoni pa hospitali daktari akakataa kupokea mtu aliyefunika uso. Alivua kinyago mbele ya watu wenye simu. Kufikia jana, sura yake na mtaa wake vilikuwa vimesambaa kila mahali.

Promota alisimama nyuma ya kamera, mikono mfukoni.

"Sema utarudi," alisema. "Sema utalipiza. Basi. Kazi yetu ina mwiko mmoja, na unaujua."

"Watu wako nyumbani kwa dada yangu."

"Hasira za watu ni moto wa mabua. Hauchelewi kuzimika."

"Mabua yenyewe yako mlangoni kwake, bosi."

"Ukisema tunapanga mapambano, umetuzika wote. Wenzako watakula nini?"

Swali lilikuwa la haki. Taa ya kamera ikawaka. Walikuwa hewani, moja kwa moja. Alimwomba fundi aiache simu mezani, isikatwe.

Mtangazaji aliinama mbele kwa huruma. "Ngao wetu. Taifa zima linaumwa na shingo yako. Una neno gani kwa aliyekufanyia hivi?"

Ulingoni Ngao aliwahi kuogopa, lakini hofu ile ilikuwa na mpaka: kengele ingelia. Hii haikuwa na kengele. Aliogopa kwamba atasema vibaya, na zaidi kwamba atasema vizuri, ila amechelewa.

"Aliyenifanyia hivi ni mimi," alisema.

Nyuma ya kamera, promota alitoa mikono mfukoni.

"Yule anayeitwa Mvamizi si mgeni. Amezaliwa hapahapa mjini. Ni shemeji yangu, amemuoa mdogo wangu. Mapambano yetu tunayapanga mezani, tukinywa chai. Kila mwenye kunyanyuliwa ana kanuni moja: kidevu kifuani. Ukiinua kichwa, unashukia shingo. Jumamosi nilikuwa mabegani mwake, watu wakaanza kuimba wimbo wa taifa. Hilo halikupangwa. Nikainua kichwa niitazame bendera."

"Ngao, samahani, hii nayo ni sehemu ya mchezo?"

"Mchezo uliisha pale. Yeye alishaniachia. Alipoona kichwa changu kilivyokaa, akatupa goti lake chini ya bega langu. Kama si goti hilo, leo mngemhoji mjane. Goti lenyewe limechanika, na hakuna aliyeliulizia."

Aliitazama kamera.

"Naipenda nchi hii. Sikuwahi kuigiza hapo. Na hao walio nje ya nyumba yake wanaipenda vilevile. Ndiyo maana naogopa."

Mtangazaji aligusa kifaa sikioni mwake. "Wengine watasema umelazimishwa."

"Basi msikilizeni mwenyewe. Simu iko hapo mezani."

Fundi akaongeza sauti. Chuma kilikuwa kikigongana. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na lafudhi yoyote.

"Shemeji, usiongee sana. Shingo itakuuma."

"Ongea na watu, shemeji."

"Niwaambie nini? Wanatikisa geti. Nimelichomelea mimi, halitoki." Akapaza sauti, akigeukia upande mwingine. "Jirani! Wewe mwenye shati la kijani! Hata geti la kwako nimelichomelea mimi. Au umesahau?"

Chuma kiliendelea kugongana, kikapungua, kikanyamaza. Ndani ya simu, Ngao alisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kwa kuchelewa, nyembamba, kutoka simu nyingi kwa pamoja: *ndiyo maana naogopa*. Watu wa getini walikuwa wanatazama matangazo. Hilo peke yake halikuthibitisha kitu. Mtu anaweza kutazama huku ameshika jiwe.

Kisha mdogo wake: "Kaka, wanasema afungue, walione hilo goti."

"Asifungue."

"Nisipofungua watasema ni uongo," shemeji alisema.

"Shemeji, nakuomba. Subiri polisi."

"Polisi wa njia ipi?" Kwa mbali mtoto alianza kulia, akabembelezwa. "Shika watoto, mama," shemeji alisema. "Nyuma. Nyuma kabisa."

Simu alikuwa nayo yeye sasa: mguu mmoja ulikanyaga, wa pili ukaburuzwa. Kanyaga, buruza. Komeo likavutwa.

Studioni, promota alikuwa amekaa sakafuni. Ngao alijaribu kuukaza mkono wa kushoto kwenye kiti, akagundua kwamba alishaukaza zamani.

Kulikuwa na mnong'ono wa watu wengi. Halafu sauti ya mzee mmoja, karibu sana na simu:

"Loo. Fundi, umesimamaje na goti hilo?"

"Mmeniita, nimekuja."

Mtu mwingine, kwa mbali, akafoka: "Mnamtazama nini? Mleteeni kiti!"

Mtangazaji alimgeukia Ngao, machozi yakimlengalenga, akamuuliza anajisikiaje. Ngao alikuwa ameielemea simu kadiri kola ilivyomruhusu, akisikiliza kama kiti kimeletwa.