Kazi ya Mchapaji ni Kuchapa

Mchapaji alikuwa hatulii. Alishasimama mara tatu kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi, akaketi, akasimama tena. Kisa ni mjane aliyekaa mbele yake, mkoba magotini, akimweleza taratibu anachotaka kiandikwe: kwamba anaiomba mahakama impe miezi miwili ya kuhama, maana nyumba ni ya shemeji yake, aliyemfungulia kesi ya kumtoa.

Kibanda cha mchapaji kilitazamana na lango la mahakama. Wasio na uwezo wa kuweka wakili walimjia na shida zao, naye akazipanga kwenye fomu. Basi. Kujaza majina, tarehe na namba ya kesi, ruksa. Kumwambia mtu achague fomu ipi, au kwamba anajichimbia kaburi kwa kalamu yake mwenyewe, hilo lilikuwa la mawakili. Mwaka jana alimhurumia mzee mmoja, akamwambia asisaini, na karani wa masjala akamshushia onyo la maandishi. Akirudia, kibanda kinafungwa, na kibanda ndicho kilichokuwa kikiwalisha nyumbani kwao.

Sasa, katika makaratasi aliyoyamwaga mjane mezani kulikuwa na hati ya mauziano, imekunjwa mpaka inakaribia kuchanika. Mchapaji alitaka namba ya kiwanja tu. Lakini macho hayana pazia, yakateremka hadi mahali pa wanunuzi. Walikuwa wawili: marehemu na mkewe. Shemeji hakuwamo hata kwenye mashahidi.

Akauliza kwa kuzungukazunguka kama mama anaijua karatasi hiyo. Mjane akasema hizo ni karatasi za marehemu, yeye hajawahi kuzisoma. Shemeji alishamweleza kila kitu, naye hataki ugomvi na ndugu wa mumewe.

"Kuna wakili wa bure chumba namba saba, mama. Mwonyeshe hii."

"Nimetoka huko. Wanasema nirudi kesho kutwa, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuijibu kesi. Wewe andika tu, mwanangu."

Mchapaji akasema wino umekwisha. Wino ulikuwepo, tena tele. Akamsihi arudi chumba namba saba akawabembeleze wamsikilize leo leo. Ulikuwa woga mtupu, na aliujua. Mjane akashukuru, akakusanya makaratasi yake, akatoka. Hakuelekea chumba namba saba. Aliingia kibanda cha pili, kwa bwana mmoja waliyemwita Chapuchapu, ambaye angekuchapia hata hukumu yako ya kunyongwa bila kuinua kichwa.

Dakika kumi zilipita. Mchapaji alipanga karatasi zilizokuwa zimepangika, akajiambia kila mtu abebe mzigo wake, akajijibu kwamba mzigo huu yeye ameuona kwa macho yake. Alipomwona mjane akivuka lango, karatasi mpya mkononi, alitoka mbio bila hata kufunga mlango.

Masjala ilibakiza nusu saa kufunga. Mjane alikuwa wa pili kwenye foleni, na nyuma ya kaunta alikuwa karani yuleyule wa onyo. Mchapaji akaomba ile hati ya mauziano, akausoma mstari wa wanunuzi kwa sauti.

"Hilo la pili ni jina langu," mjane alisema.

"Ndilo."

Mjane akaitazama hati, akalitazama ombi lake. "Kwa hiyo hili nisilitoe?"

Karani alikuwa ameshainua kichwa. Jibu lililoruhusiwa mchapaji alilijua kwa moyo: mimi si wakili, siwezi kukushauri. Akamwonea mjane uchungu, akajionea na yeye mwenyewe.

"Usilitoe, mama. Nyumba ni yako pia. Chukua fomu ya utetezi, uipinge hiyo kesi."

Karani akavuta droo, akampa mjane fomu ya utetezi. Kisha akanyoosha mkono uleule kwa mchapaji, akaomba kibali chake cha kazi. Mchapaji akakitoa shingoni, akakiweka juu ya kaunta.

Mjane hakuwa ameelewa. Uso ulikuwa umemchangamka. Akamshika mkono, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Haya, mwanangu, twende upesi ukanichapie."