Tembo wa Chumba Namba Kumi na Mbili

Tembo wa saba alikataa kusimama. Dorkasi akamkunja upya, akambana mkonga kwa kidole gumba na kumkaripia: "Simama wewe, unanichelewesha!" Tembo, ambaye asubuhi alikuwa taulo mbili nyeupe, akasimama kitandani na kumkodolea macho yake ya karatasi kama mkwe aliyenyimwa chai.

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na nusu jioni, katika loji moja ya watalii mlimani juu ya mji wa Karatu. Vyumba kumi na viwili, vyandarua vya kushusha, na juu ya kila kitanda tembo. Wageni hushinda Kreta, bonde la wanyama, wakitazama tembo wa kweli, kisha wakirudi wanataka na wa kulala naye. Katika miaka mitatu ya kazi, Dorkasi alikuwa amekunja tembo wa kuijaza Kreta mpaka simba wahamie Mbulu.

Simu ikatetema mfukoni mwa aproni. Alikuwa Mama Piusi, jirani anayekaa na Beatrice, binti wa Dorkasi, baada ya shule.

"Mama Beti, usinilaumu. Binti yangu kashikwa uchungu kule Buger. Gari linatoka saa kumi na mbili kasoro, na mimi nimo."

"Leo, Mama Piusi? Siku zote za Mungu, iwe leo?"

"Mimba haisomi kalenda, mwenzangu."

Dorkasi akakaa ukingoni mwa kitanda cha mgeni, jambo lililokatazwa.

Tangu mumewe, Hilary, ahamishe begi lake miezi minne nyuma, maisha yao yaliongozwa na karatasi. Aliiandika afisa mmoja wa ustawi wa jamii ambaye hufunga ofisi saa tisa na nusu, na saa kumi kamili viatu vyake viko chini ya kitanda. Karatasi ilimtaka mama awe nyumbani na mtoto ifikapo saa kumi na mbili. Jumatano ni zamu ya baba, ila "baba akiwa safarini, jukumu litarudi kwa mama." Hilary ni dereva wa watalii, hakuna Jumatano iliyowahi kumkuta nyumbani. Mama akishindwa mara tatu, mtoto ataenda kulelewa Endamarariek kwa mama yake Hilary. Dorkasi alikwisha kushindwa mara mbili.

Akamfuata msimamizi wake koridoni.

"Kaka Emilian, niruhusu leo nitoke mapema. Mtoto hana wa kukaa naye."

"Dada, magari yako njiani. Chumba kikikosa tembo, mgeni ananiandika mimi mtandaoni, dunia nzima inasoma. Watoto tunao wote."

"Wako yuko na mama yake."

"Ndiyo maana nilioa," alisema Emilian, akaenda zake.

Basi Dorkasi akapiga simu kwa dereva wa bodaboda anayemwamini. Saa kumi na mbili kasoro robo Beatrice akashushwa kwenye geti la jikoni, na sweta lake la shule, vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake akamwingiza stoo ya mashuka na kurudishia mlango.

"Mama, tembo yuko wapi?"

Swali hilo lilimkata maini. Mara ya kwanza alipochelewa, Dorkasi alimwambia mtoto kwamba tembo alilala katikati ya barabara, akakoroma hadi majani ya migomba yakapukutika. Mara ya pili tembo aliingia jikoni, akala kabichi zote, ikabidi apigwe mswaki. Beatrice alicheka mpaka akasahau kulia, na darasa zima likasimuliwa. Kila uongo ulikuwa asali kinywani mwa mtoto, na shubiri tumboni mwa mama.

Juu ya kitoroli alibaki tembo mmoja, wa kumi na mbili. Dorkasi akamwonyesha.

"Ni huyu."

Beatrice akamzunguka. Akainua sikio moja, akachungulia chini.

"Mbona mdogo?"

Dorkasi akatafuta uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza akaukosa. "Wako wengi," alisema. "Wako kumi na wawili."

"Aaa," alisema Beatrice, akampapasa mama yake mkono kama anayempa pole ya msiba.

Mlango ukafunguliwa. Hilary alikuwa ameleta wageni, akapita nyuma kutafuta kitambaa cha kufutia kioo. Alisimama pale, mweupe kwa vumbi la Kreta.

"Beti? Saa kumi na mbili na robo, mtoto yuko kwenye mashuka?"

"Leo Jumatano," alisema Dorkasi. "Zamu ya nani?"

"Mimi niko kazini."

"Na mimi niko harusini?"

"Niko safarini, Dorkasi. Karatasi inasema."

"Wewe ukichelewa ni safari. Mimi nikichelewa ni uzembe."

Hilary akavua kofia, akajifuta uso nayo, vumbi likazidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye karatasi upande wake.

"Alfajiri naingia tena geti la Kreta na wageni. Unataka nimfunge kwenye keria juu ya gari? Hii ni mara ya tatu. Jumamosi nampeleka kwa mama."

"Mpaka lini?"

Hilary akairudisha kofia kichwani. Beatrice alikuwa akiwatazama kwa zamu, tembo kifuani.

"Baba, kwa bibi kuna tembo?"

"Hakuna," alisema Hilary. "Kuna mashamba ya ngwara na mbaazi tu."

Mtoto akafikiri, kisha uso ukamchangamka.

"Basi twende wote, Mama. Kule utakuwa unawahi."

Hilary akaangalia viatu vyake. Dorkasi akajigeuza ukutani, akanyoosha rundo la mashuka lililokwisha kunyooka.

"Dorkasi!" Sauti ya Emilian kutoka koridoni. "Namba kumi na mbili bado!"

Dorkasi akavua aproni, akaitundika kwenye msumari. Hakumkunjua tembo. Alimsukumia chini ya sweta la mtoto, akafunga vifungo vyote.

"Mshike vizuri," alisema, "asianguke."

Mama na mtoto wakatoka kwa geti la jikoni, wakishuka kilima kwa miguu. Usiku ule mgeni wa chumba namba kumi na mbili alilala peke yake.