Maneno ya Penseli

...na mwandiko ulikuwa wake, hapo hapakuwa na la kubishana, umekuzwa ukutani ukubwa wa mlango, na hata yule panya aliyetafuna pembe ya jalada mwaka ule wa mvua nyingi alama ya meno yake inaonekana, mbele ya makarani thelathini na wawili waliotolewa kwenye masjala zao kuja kufundishwa upya kazi waliyoizeekea, na mwalimu wa mafunzo, binti mdogo ambaye yeye mwenye mwandiko angeweza kumzaa, anauliza kwa upole, "Nani anaufahamu mwandiko huu?", feni inazunguka, mtu anakohoa, naye Mama Masjala, jina alilopewa nywele zake zikiwa bado nyeusi zote, ameinamia daftari lake tupu kana kwamba kuna kitu cha kusoma, usinyanyue kichwa, usinyanyue, miaka thelathini na mmoja kazini, imebaki miwili tu ya kustaafu, miwili, na waraka ulisema wazi, ulipobandikwa ubaoni aliusoma mara tatu, faili zote zitaingizwa kwenye kompyuta na atakayebainika kuandika jambo lisilo rasmi ndani ya jalada la mtumishi atachukuliwa hatua, hatua gani haukusema, na hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana adhabu ikitajwa mtu huizoea... "Wala msiogope," binti anasema, "sitafuti wa kumwadhibu," ah, wote husema hivyo, yule afisa utumishi wa zamani naye alikuwa akisema niambie tu mama, mimi ni kama mwanao, na jioni barua imeshapigwa chapa, na hapa kushoto kwake Tarishi, mzee mwenzake waliyeanza naye kazi mwaka mmoja, amekwisha kujua, kwa sababu anamkanyaga mguu chini ya meza na kunong'ona bila kufungua midomo, "Dada, leo wewe ni bubu, sawa?", sawa, bubu, huyu Tarishi ndiye aliyemfumania saa ya chakula, mlango umerudishwa, raba mkononi, vumbi la raba limejaa kwenye sketi, akasema, "Unasafisha nyumba au unahama?", naye akaendelea kufuta, wiki tatu nzima, kabati la kwanza, la pili, la tatu, na kila alipofuta alihisi kama anawatoa watu nje ya nyumba yao mmoja mmoja, alipofika la nne mkono ukakataa, akaliacha, na jalada hili la ukutani ni la kabati la nne, ndiyo adhabu ya huruma... "Kompyuta," binti anasema, "imewachanganya watu tisa wa jina moja. Mmoja imempandisha cheo. Mmoja imemwandika marehemu, na marehemu huyo jana alikuja ofisini kwangu kulalamika," watu wanacheka, Tarishi anacheka kupita kiasi ili aonekane hana neno, lakini yeye hacheki, yeye anaiona foleni ya mafao, anamwona mama yake mwenyewe mbele ya dirisha dogo lenye nondo, baba akiwa amezikwa juzi, baba aliyekuwa mnyapara wa barabara na jina lake wakilitumia watu chungu nzima, na karani ndani anafunua faili na kusema, "Mama, huyu hana mke wala mtoto, faili linasema ni kapera," na mama amesimama na watoto wanne wameshika gauni lake, akageuka akawatazama kama anawahesabu, akacheka njia nzima mpaka nyumbani, na nyumbani hakucheka tena, ilichukua miaka minne kuthibitisha kwamba wale wanne walikuwa wamezaliwa, ndiyo maana juma lake la kwanza masjala alichonga penseli, akaandika ndani ya kila jalada, kwa herufi ndogo, huyu ni mtoto wa seremala, huyu ana kovu mkono wa kushoto, huyu mkewe ni mfupi na huja na dada yake, hakumwambia mtu, si mume, si mkuu wa kazi, kila faili jipya likifunguliwa penseli nayo ilipita... "Hili jalada ndilo lililotusaidia," sauti ya binti sasa imeshuka, "lakini makabati matatu ya kwanza yamefutwa, na mimi humo nimekwama. Namtaka aliyeandika akae nami aniambie," yamefutwa, ndiyo, yamefutwa na nani kama si yeye, mjinga wa watu, miaka yote ile kwa wiki tatu za woga, na jasho linamtoka, kabati la kwanza, rafu ya juu, wa kwanza kabisa alikuwa nani, alikuwa... dereva wa greda, mtoto wa pili kati ya mapacha, pacha mwenzake alifia jeshini, na anayefuata ni muuguzi aliyeolewa mara mbili na mume mmoja, halafu yule mpima ardhi mwenye kigugumizi ambaye mama yake ndiye aliyekuja kumsemea, halafu mlinzi, halafu mlinzi mwingine wa jina lilelile lakini huyu hana kidole, wapo, anawapitia rafu kwa rafu na wote wapo, wamekaa palepale alipowaweka, raba haikuwagusa, na kitu kilichokuwa kimembana kifuani tangu waraka ule kinalegea, pumzi inashuka hadi tumboni, anasikia njaa, njaa ya kawaida kabisa ya mtu mwenye afya, na anashangaa kwamba viti vya ukumbi huu vina mito, amekaa siku mbili bila kujua... "Dada," ananong'ona Tarishi, "mbona unatabasamu, unaniogopesha," naye anasikiliza mbele, binti amerudi ukutani, anasoma kwa kijiti neno kwa neno, "Mke fundi cherehani, watoto watano," na anaanza kuandika ubaoni, watano, kwa wino mwekundu, watano, na hapo ndipo Mama Masjala anaponyanyua kichwa, kwa sababu si watano, maneno yale ni ya mwaka wa kwanza, yule fundi cherehani alirudi baadaye na kichanga mgongoni, msichana, akamsimamisha koridoni ili amwonyeshe tu, kwa furaha, na penseli siku hiyo ilikuwa imevunjika ncha akasema nitaandika kesho, basi msichana huyo hayupo popote, si ukutani, si kwenye kompyuta, yupo humu kichwani tu, na sasa atakuwa mtu mzima na siku moja atasimama mbele ya dirisha la mtu, na mguu wa Tarishi unamkanyaga tena, kwa nguvu, naye anauondoa wake pole pole chini ya meza, wino mwekundu unapiga mstari chini ya watano, binti anauliza kwa mara nyingine, "Hakuna kabisa anayeufahamu?", feni inazunguka, ni sita, mwalimu, ni sita, na mdomo wake umekwisha kufunguka.