Kikombe cha Kwanza

...na kama maji hayatoki basi hayatoki, si yeye aliyeyaita, Mzee Futi alijisemea moyoni, mkono mmoja juu ya bomba jipya la jikoni kwake, mwingine umeshika kikombe cha bati, na bomba lenyewe linakohoa tu, kho, kho, hewa tupu, mkewe ameinama na ndoo chini yake kama anayemkamua ng'ombe mkaidi, jirani yao mshonaji amesimama mlangoni na dumu ambalo hakuna aliyemwambia alete, na binti yake Mzee Futi mwenyewe, fundi bomba, spana mfuko wa nyuma, yuko dirishani na simu sikioni, fungua koki kubwa, ile ya juu kabisa, umefungua? haya, tunasubiri, kisha akamgeukia, "Baba, usifunge, hiyo ni hewa inatangulia, toka tangini hadi hapa ni futi elfu nane," futi elfu nane, anajua kumbembeleza huyu, maana mji mzima siku hizi unahesabu kwa mita, ni yeye peke yake aliyebaki na futi zake, ndiyo jina lenyewe hilo walilompa akalizoea, Mzee Futi, futi ishirini kisima cha sokoni, futi thelathini na mbili kisima cha shule, futi arobaini na moja kile cha njia panda, na vyote vipo, havikwenda popote, ni mji tu umekuja ukavikalia, cha sokoni kimekaliwa na kituo cha mafuta, cha shule kiko chini ya benki, na yeye akipita pale bado hukata kona asije akatumbukia, lami yote ile, watu wanamshangaa mzee anayezunguka shimo lisilokuwepo, na juzi alimwambia kijana wa pikipiki nipeleke kisima cha shule, kijana akasema mzee wangu hapa hakuna kisima, hapa kuna benki, akamwambia wewe endesha tu, nitakuonyesha, wakazunguka nusu saa, mwisho akashushwa pale pale alipopandia, loo, aibu gani ile... "Labda bomba halijafika kwetu," mkewe anasema, "labda limeishia kwa wale wa ghorofa," na binti anacheka, mama nimelileta mwenyewe kwa mikono yangu, liishie wapi, na kho, kho, bomba linaendelea na kifua chake kibovu, na Mzee Futi akajikamata, kwa aibu, akiomba lisipone.

Maana yakitoka yamekwisha yake, watu husema pale palilala kijiji pakaamka mji, uongo mtupu, yeye alikuwepo na alikuwa macho, pameamka kidogo kidogo, kwanza mtu mmoja na kopo la rangi nyekundu anachora mawe ya kilimani, wakamcheka, huyu anapaka mawe rangi ana kichaa, kumbe mawe yale ni saruji ambayo bado haijasagwa, kisha lori, kisha barabara ya lori, kisha mama wa kuwauzia chai madereva wa malori, kisha chumba cha yule mama, kisha vyumba kumi vya kuwapangishia wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, kinyozi, duka la miwani, zahanati, ghorofa ya kwanza ambayo watu walikwenda Jumapili kuitazama tu, na king'ora cha kiwanda asubuhi, ambacho mwanzoni kuku walikiogopa na leo ndicho kinachowaamsha kuku, na kila chumba kilichojengwa kilitaka maji na maji yalikuwa yake, enzi hizo alikuwa mtu, bwana, mtu hasa, hakuna nyumba aliyoingia asipewe kiti, na siku kisima kinapotoa maji mwenye nyumba hathubutu kuyagusa, la, kikombe cha kwanza ni cha mchimbaji, ndiyo sheria ya kazi, aliyeyapata ndiye anayeyaonja, kama ni machungu yamchukize yeye kwanza, kama yana sumu yamuue yeye kwanza, ndipo wengine wanywe, na kikombe ni hiki hiki cha bati, kimebonyea ubavuni tangu siku kilipomponyoka kisima cha shule, amekunywa nacho maji ya visima hamsini na saba na hakuna aliyekufa, na leo binti yake amekitoa kabatini, amekisugua kwa majivu mpaka kinang'aa, amempa mbele ya watu, "Baba, fungua wewe, na kikombe cha kwanza ni chako," na mkewe akapiga kigelegele, na yeye akakipokea, mwongo mkubwa, akakipokea!

Kwa sababu alijua anachokijua, na hicho hakuna mwingine anayekijua, alidhani hivyo, mwaka juzi injinia wa maji alikuja hapa hapa, na adabu zake, shikamoo mzee, amekaa kwenye kigoda kile, ramani gotini, anasema mji umekua, visima havitoshi, tunataka kuchimba kisima kirefu kwa mtambo, tuweke tangi, tusambaze mabomba, na huyu fundi wetu, yaani binti yake aliyesimama pale anaona fahari mpaka hajui aweke wapi mikono, huyu fundi wetu anasema baba yake ana macho ya maji, basi tuonyeshe mzee wetu, na wiki ile ile, wiki ile ile jamani, walikuwa wamemwaga zege kwenye kisima cha sokoni bila hata kumwambia, kisima chake cha kwanza, alichokichimba hajaoa, alipita asubuhi akakuta kimekuwa sakafu, na hasira ikampanda hadi kooni, akatwaa fimbo, akawapeleka nyuma ya kilima, akawaonyesha mwambani, hapa, kwa sauti ya mtu anayejua, hapa hapa, na alijua kama anavyojua jina la mama yake kwamba pale hata ukichimba hadi kesho kutwa utatoa vumbi, wakachimba futi mia tatu, vumbi, wakaja tena, akasema sogeeni kulia kidogo, kulia kidogo! Mungu amsamehe, futi mia nne, vumbi, na mtambo ukaondoka, na watu wa mji huu wakakaa miezi minane mingine kwenye foleni za madumu, mshonaji huyu huyu hapa mlangoni, mwenye mguu mbaya, anatoka saa kumi na moja alfajiri, na mkewe, huyu aliyeinama sasa, mgongo ule haukuvunjika bure, ni yeye aliyeuvunja kwa fimbo bila kumgusa... na binti wakamwita ofisini, wewe ndiye uliyetuletea mzee wako, akarudi nyumbani hajala, akakaa kizingitini, na yeye Mzee Futi akajikohoza akasema macho yangu yamezeeka mwanangu, uzee huu, akajisingizia uzee ili asisingiziwe roho mbaya, na binti akasema pole baba, pole! ndiyo aliyosema, na neno lile limemkaa kifuani tangu siku ile kama mwiba wa samaki.

Kisha akaomba siku moja, hilo alilisikia kwa kinyozi, nusu ya uso ikiwa na povu, binti yako ameomba apewe siku moja tu kabla hawajamfukuza, ameondoka alfajiri peke yake, amerudi amesema chimbeni pale nilipofunga ukindu kuwa alama, bondeni, penye matete, na maji yametoka futi tisini, yameruka yamemlowesha injinia na ramani yake, mji mzima unasema macho ya maji yamehamia kwa binti, na yeye povu likamkaukia shavuni, akasema kwa sauti ndogo, amebahatisha... Kho, kho, kho. "Mbona kama linanguruma," mshonaji anasema, na kwa kuwa mdomo wake haukai bure hata akiwa na pini katikati ya meno, akaendelea, hivi mwanangu, nilitaka kukuuliza siku nyingi, pale bondeni ulipajuaje, wenzio na mashine zao wameshindwa, na binti akasema, huku anakaza nati, hata hakugeuka, "Baba ndiye aliyenionyesha."

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa na miaka saba, nampelekea uji kazini. Aliniambia tazama ukungu, alfajiri, ukungu wote ukiondoka kuna mahali pamoja unabaki umelala, basi hapo chini kuna maji. Akanionyesha bonde. Akasema hilo nakuwekea wewe."

Nakuwekea wewe, alisema hivyo kweli? alisema, eh, alisema, anaiona asubuhi ile, mtoto na kibuyu cha uji kimemzidi uzito, wachimbaji wenzake wanamtania, unamfundisha msichana visima, hujui mwanamke akikaribia kisima kinakauka, na yeye aliyajibu maneno yao kwa kucheka, lakini sululu hakumpa, macho alimpa ila sululu hakumpa hata siku moja, hakuthubutu, aliyempa chuma mkononi ni kiwanda, ile shule yao ya ufundi iliyofunguliwa kando ya matanuri, walipoandika wanatakiwa vijana wa kike na wa kiume, mji huu huu uliomfukia visima ndio uliomfukulia binti yake... ngoja, ngoja kwanza, miaka saba, bonde, kama alipajua bonde tangu ana miaka saba, na alijua kwamba baba yake analijua, basi siku ile nyuma ya kilima, amesimama kando ya injinia, anaitazama fimbo ikigonga mwamba, hapa, hapa hapa... alijua, Mungu wangu, alijua pale pale, na futi mia tatu akajua, na sogeeni kulia kidogo akajua, na ofisini walipomfokea alikuwa na jibu mdomoni, neno moja tu, baba amedanganya, angelitema akaokoka, akalimeza, akarudi akakaa kizingitini, na mtu mzima na mvi zake anamwambia uzee mwanangu, na yeye akasema pole, pole baba, na pole ile haikuwa ya macho.

Joto likampanda Mzee Futi masikioni, kisha likashuka, na liliposhuka likaacha kitu chepesi ambacho hakukitegemea, alikuwa amejiandaa kwa aibu miaka miwili na aibu yenyewe ilipofika ilikuta mtu amekwisha kuitandikia kitanda, na akakitazama kikombe, akautazama mgongo wa mkewe, akalitazama dumu la mshonaji, hamsini na saba, alisema kwamba amechimba visima hamsini na saba, basi hiki ni cha hamsini na nane na hakukichimba yeye, na hakikauki kwa sababu mwanamke amekikaribia, kinakohoa tu, kinakuja, futi elfu nane si mchezo, angekuja yeye kwa miguu angekuwa hoi pia, na akauondoa mkono kwenye bomba, akamshika binti yake kiganja chenye grisi, akakiweka kikombe humo.

"Kikombe cha kwanza ni cha aliyeyapata," alisema.

"Baba, si tumekubaliana..."

"Shika, nimesema." Kisha akainama karibu, mshonaji asisikie, ingawa mshonaji alikuwa amekwisha kutega sikio, "Kule mwambani, mwanangu. Sikukosea mahali."

Binti hakuinua uso, alikigeuza kikombe, akapitisha kidole gumba pale kilipobonyea. "Najua, Baba," akasema. "Sogeza ndoo kidogo, mama amechoka, ikinge wewe."

Na Mzee Futi akapiga magoti ambayo yalilia kama mlango, akaichukua ndoo mikononi mwa mkewe, akaiinua chini ya bomba lile kavu, kho, kho, na moyoni, njooni basi, akayasihi, njooni upesi, msimwaibishe mwanangu mbele za watu, njooni.