Koti la Kumshukuru Dereva

Fundi tuliyemwita Futi hakuwa na haja ya futi. Alikutazama ukiingia mlangoni, akakukadiria bega na kiuno, na nguo ikakukaa kama umezaliwa nayo. Kisha figo zikamgomea. Ikawa kila wiki analazwa kando ya mashine, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Akirudi dukani amekamuka kama ndimu ya juzi.

Mdogo wake, dereva wa lori, akajitolea figo moja. Vipimo vikakubali. Futi akasema zawadi kama hiyo hailipiki, basi walau atamshonea koti, na mtu mwingine asiliguse.

Siku ya kujaribu, mkono wa kulia ulimkaa dereva sawia. Wa kushoto ukamvuta bega, kiwiko kikabenuka upande usio wake.

"Kaka, koti hili umemshonea kaa?"

Futi akacheka. Akaligeuza koti, akaligeuza tena. Mkewe, anayetia vifungo, aliona papo hapo. Fundi hukunja kitambaa uso kwa uso, akakata mara moja, akapata mikono miwili inayotazamana. Mumewe hakukunja. Alikata mkono wa kulia, halafu akakata wa kulia mwingine.

"Ndiyo mtindo wa sasa," Futi alisema.

"Mtindo wa wapi, kaka?"

"Wa kule... wa kule." Akamkazia macho. "Kwani wewe mteja, kitambaa ulileta lini?"

Dereva akalivua koti polepole, akaliweka juu ya cherehani. Mke wa Futi akamfuata nje.

"Shemeji, hali hii tangu lini?" dereva akamuuliza.

"Tangu figo zife. Daktari anasema uchafu wa damu unapanda mpaka kichwani. Akipata figo mpya, huenda akili ikarudi. Si yote, lakini ikarudi."

"Huenda."

"Nikudanganye ili iweje, shemeji?"

"Na zile dawa za kuilinda hiyo figo, za kila siku mpaka kufa? Huyu atazikumbuka?"

"Nitamkumbusha. Mimi si nipo?"

"Mimi nina watoto. Nikatwe ubavu, nimpe mtu ananiita mteja?"

"Unampa ndugu yako! Ugonjwa ndio umemsahaulisha, na dawa yake unaondoka nayo tumboni!"

Dereva akaangalia viatu vyake. "Mwambie nitapiga simu."

Hakupiga. Aliwapigia hospitali tu, akajitoa. Tunasema damu nzito kuliko maji. Ndiyo, na mzigo mzito watu huutua.

Mke akamweleza mumewe. Futi alilia mpaka kifua kikauma. Kesho yake asubuhi akauliza, "Dogo anakuja lini, twende hospitali?" Akaelezwa upya, akalia upya, kilio kibichi kabisa, kama hajapata kusikia habari hiyo. Baada ya hapo mke akaacha kueleza.

Wiki iliyofuata, nesi akimwandalia mashine, Futi alikuwa amechangamka.

"Nesi, mtanikosa hapa. Mdogo wangu ananipa figo."

"Hongera, mzee wangu! Lini?"

Futi akamgeukia mkewe amjibie. Nesi naye akamtazama, tabasamu bado usoni.

"Lala vizuri, mume wangu," mke alisema, akiinama kumvua viatu. "Wakuchome sindano."