Bomba la Kijivu

Lilikuwa bomba la maji, la plastiki, la kijivu, limekatwa urefu wa mkono. Mjomba Changawa alilishika kama mtu anayechagua muwa sokoni. Akaligonga gotini, akalinusa, akanitazama.

"Msomi," akaniambia, "na haya? Yanaingia?"

Nyuma yake pipa lilikuwa wazi, nusu tupu. Mvua ilikuwa imetuandama siku tatu.

Nikasema, "Yanaingia."

Neno moja tu. Nalitafuna mwaka wa pili huu na bado halijalainika.

Wazo lenyewe lilikuwa langu. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, matokeo si ya kunipeleka popote, nikawa nashinda kwa mjomba, kule Mwakirunge, kila anayepita ananiuliza nina mipango gani. Mjomba naye alikuwa ameachishwa kazi timboni. Miaka kumi na minne yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kukata mawe ya Bwana Imad, mpaka dizeli ikapanda, Imad akapunguza watu, mashine ikafunikwa turubai. Tangu siku hiyo mjomba aliamka alfajiri vilevile, akavaa buti zake, halafu akakaa mlangoni. Pa kwenda hana, lakini buti kavaa. Sikuweza kumtazama.

Asubuhi moja, kwa kutaka tu kuvunja kile kimya, nikamwambia plastiki hutengenezwa kwa mafuta. "Na ukiipika bila hewa," nikasema, "inarudi mafuta."

"Inarudi?"

"Tulifunzwa."

Akageuka akalitazama jaa, ule mlima wa takataka za mji mzima unaofuka moshi mchana na usiku. Alilitazama kama mtu aliyeambiwa shamba la jirani kumbe ni lake.

Akaenda kwa Imad. Imad alicheka, lakini alikuwa akimheshimu. "Mzee Changawa, niletee mitungi miwili Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mashine ikila mafuta yako kutwa, wallahi turubai naliondoa, nawe warudi mahali pako. Wallahi."

Basi tukajenga. Pipa la chuma juu ya mafiga, mdomo tumeuziba kwa udongo na jivu. Bomba la chuma linatoka juu, linapita ndani ya pipa jingine la maji, linaishia mtungini. Tulipika ndoo zilizopasuka, vifuniko, madumu ya mafuta ya kupikia. Moto ukishika, baada ya saa mbili tatu, yanaanza kudondoka, tone, tone, rangi ya chai ya sturungi. Siku ya kwanza mjomba alichovya kidole, akakisugua, akanusa, akacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Mkewe, Mama Lavender, ndiye aliyeuliza swali lenyewe. Alikuwa ameketi juu ya kisiki cha mkorosho wake, ambao tuliukata kwa kuni.

"Mkorosho mzima," akasema, "kwa mtungi mmoja na nusu. Sasa nyinyi mnatengeneza mafuta ama mnapika miti?"

"Wewe waona kuni," mjomba akamjibu. "Mimi naona mashine."

"Mashine huioni. Unaota."

"Basi niache nilale."

Walicheka wote wawili. Mimi hesabu ile nilishaifanya zamani kichwani, na ilikuwa upande wa Mama Lavender, lakini nilinyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshakuzoea. Ndiyo maana siku ya bomba haikuniwia vigumu.

Ilikuwa Alhamisi. Ulibaki nusu mtungi itimie miwili. Jaa lilikuwa tope tupu, na mjomba miguu imeshamtoka vidonda ndani ya buti. Ndipo lori likamwaga vifusi vya nyumba iliyobomolewa, na ndani yake yale mabomba, mengi, makavu, mazito. Mjomba alibeba gunia zima begani huku akiimba.

Na mimi nilijua. Mwalimu Jacktone alituandikia ubaoni, akagonga mpaka chaki ikakatika: mabomba haya yana klorini. Yakipata moto yanatoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na maji, hata ya mapafuni mwako, ni asidi. Mjomba alipokuwa akiniuliza, niliuona ule ukurasa wa daftari, niliona hata doa la chai pembeni. Lakini rafiki yangu Jefwa alikuwa ameniambia kuna kazi ya kupakia malori Miritini, nifike Jumapili. Nikisema hayaingii, mjomba anarudi jaani, Jumamosi inapita, na mimi nabaki. Nilikuwa nimechoka kubaki.

Yakaingia.

Udongo wa mdomo ulipasuka mafuta yalipoanza kudondoka. Ukatoka moshi mweupe, mzito, haupandi juu, unatambaa. Ulinigusa koo mara moja tu nikakimbia mpaka barabarani. Mjomba hakukimbia. Alijifunga leso ya mkewe puani, akachota udongo mbichi, akapiga magoti kuziba.

"Mjomba, toka!"

"Natoka, natoka."

Na hatoki. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na ile leso ina povu. Akakohoa sana, ameshika magoti. Halafu akasema, "Angalia mtungi. Umejaa?"

Ulikuwa umejaa.

Jumamosi mashine iliwaka kwa mkupuo wa pili. Ikakata mawe tangu asubuhi mpaka alasiri, mjomba kaweka kiganja juu yake kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kila akikohoa, watu walidhani ni vumbi la mawe. Imad alilikunja lile turubai kwa mikono yake mwenyewe. "Jumatatu, Mzee Changawa."

Jumatatu mjomba alivaa buti, na kusimama akashindwa.

Hospitali walimwekea hewa ya mtungi. Daktari akauliza alivuta nini. "Moshi tu," akasema mjomba. Nilikuwa nimesimama pale. Baada ya wiki mbili wakaturudishia mjomba nyumbani, mwepesi kama mzigo wa makuti.

Siku hiyo hiyo nilipita timboni kumwambia Imad. Mashine ilikuwa imezima. Fundi alikuwa ameitoa pampu na kuifungua juu ya gunia, na ndani ilikuwa na vishimo kama jino bovu.

"Hii imeliwa," akaniambia. "Mliitia nini?"

Imad alikuwa nyuma yake. Alinitazama, nikamwambia mjomba karudi nyumbani.

Alikuja nyumbani alasiri, na machungwa kwenye mfuko. Mjomba hakungoja hata salamu.

"Mashine?"

"Iko, Mzee Changawa," Imad akasema. "Yakata mawe. Yakungoja wewe."

Imad, mtu asiyeweza kuagiza chai bila wallahi, siku hiyo hakuapa. Mjomba alifumba macho, akatabasamu. Imad akanigeukia mimi, tukatazamana, halafu akaanza kumenya chungwa.

Mjomba alikufa Ijumaa. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na kile kisiki.

Udongo wa kwetu una mchwa. Msalaba wa mbao haumalizi masika mawili. Siku ya arubaini Mama Lavender alitoka jikoni na chupa, mabaki ya yale mafuta, meusi sasa, yamegandamana chini.

"Eti haya yanazuia mchwa?" akaniuliza. "Wewe ndiye msomi."

Maneno yalinijaa mdomoni, ya bomba, ya daftari, ya Miritini ambako sikwenda. Alikuwa amenyoosha chupa, anangoja.

"Sijui," nikasema.

"Basi tujaribu."

Akachovya ile leso yake, akaupaka msalaba wote, juu mpaka chini, taratibu, mpaka mafuta yakachuruzika yakaingia mchangani.

Masika mawili yamepita. Mchwa hawajaugusa. Nyasi nazo, pale chini yake, hazijaota.