Mahali na Mahari

Mwaka wa 1999 duka la Mzee Hasnain pale Kahama lilikuwa na vitu viwili ambavyo majirani hawakuwa navyo: seva ya tovuti, na Maige wa kuilea. Seva ilikaa nyuma ya marobota ya khanga, haina kipanya wala picha, kioo cheusi tu cha kuandikia amri. Wanunuzi wa mpunga walioko Mwanza walisoma bei humo. Folda moja, mahali, ilijiandikia yenyewe kila msomaji ametokea wapi. Nyingine, mahari, ilikuwa roho ya Maige: masimulizi ya wazee wa Songwa juu ya ng'ombe wa kuolea, mengi yametoka kinywani mwa mama yake mzazi. Nakala ya pili haikuwapo. Disketi ilikwisha kuharibiwa na vumbi.

Salvina, binti wa Ushirombo aliyeuza dukani, alikuwa amefundishwa na Maige amri chache. Walipatana, ila mdomo wa Salvina ulikuwa na pilipili. Juma lililopita Maige aliwaaga wateja, akasema anakwenda kupiga kula ya kamati ya soko.

"Utaipigaje kula, Maige? Kwa kijiko?"

Duka likaangua kicheko. Maige hakucheka. "Kuanzia leo," alisema, "mtaisikia hiyo helufi mpaka mzibe masikio!"

Kesho yake akaitwa Mwadui. Mama yake amelazwa.

Sasa seva imegoma, na Mzee Hasnain anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Binti, Mwanza wanaona ukurasa mtupu! Wataninunulia nini wasichokiona?"

Salvina akaandika df, aone nafasi iliyobaki. Diski imejaa pomoni. Akapiga simu hospitalini, akaomba Maige aitwe.

"Usihangaike, Sarvina," sauti ya Maige ilisikika kwa mbali, imechoka. "Futa mahari. Yote. Kisha uizime seva, uiwashe tena."

"Mahari? Una hakika?"

"Mahari! Ma-ha-ri!" Herufi ile ikanguruma kama pikipiki. "Fanya upesi, mama amerara, nataka kurudi kwa..."

Laini ikakatika. Akapiga tena, haikushika.

Salvina akaandika amri ya kufuta, rm -r mahari. Kidole kikasimama juu ya Enter. Mashine ile haikuwa na pipa la taka la kuokotea kilichotupwa, ukifuta, umezika.

"Bonyeza basi!" Mzee Hasnain akafoka. "Mwenyewe si amekwambia?"

Amesema, ndiyo. Lakini ni mwana gani anayefuta maneno ya mama yake, naye mama yuko kitandani? Salvina akairudia ile sauti kichwani. Mama amerara. Usihangaike, Sarvina.

Sarvina!

Miaka miwili Maige hajawahi kulikosea jina lake. Uso ukamwaka moto. Maskini, alikuwa ameifanyia mazoezi ile herufi aliyochekwa nayo, na sasa aliipanda katika kila shimo, hata pasipo pake.

Akaifuta amri, herufi moja moja, kama anayetembea juu ya miiba. Akaandika du, apime kila folda. Mahari ilikuwa ndogo, mkononi ingeenea. Mahali ilikuwa imevimba kama chura, imekula diski nzima.

Akaifuta mahali. Akaizima seva, akaiwasha. Punde Mzee Hasnain alikuwa kwenye simu ya Mwanza, anacheka kana kwamba hakuwahi kufoka maishani mwake.

Alipoiweka chini tu, ikalia tena. Salvina akaidaka.

"Umefuta?"

"Nimefuta mahali."

"Si ndicho nirichosema? Mahari."

"Hapana, Maige. Ulisema ile ya ng'ombe. Nusura niifute. Ila uliniita Sarvina, nikajua umepotea njia."

Salvina alisikia magurudumu ya kitanda yakipita huko Mwadui, kisha mtu akivuta pumzi ndefu.

"Maneno ya mama yapo?"

"Yapo yote. Nisamehe kwa kile kijiko. Sema unavyosema siku zote, nitakuelewa. Mama anaendeleaje?"

"Amekunywa uji. Asubuhi alitaja ng'ombe fulani wa babu, sikuwahi kumsikia." Sauti ikalegea. "Asante, Salvina."

Wateja wawili walikuwa wamesimama kaunta, masikio wazi. Salvina hakuwajali.

"Kalibu," alijibu, na hakucheka.